Ombi la Kuzuia Watu Wote Kupiga Mguu Chini Ijumaa Hii

Kwa Mukhtari wa kijiji cha Ain Lauza,
Mheshimiwa Mifleh, Baba Dhirar,
ambaye pia ni kaka yake mama yangu.

Mheshimiwa Mjomba,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wakubwa kwa wadogo nyumbani kwako wazima, na kondoo wa Ijumaa bado wanakula majani bila habari ya kinachowangoja. Mimi pia ni mzima, ukiondoa sehemu moja ya mwili ambayo ndiyo imenishikisha kalamu. Najua nyumba zetu zinatazamana. Najua ningeweza kuvuka barabara nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini kuvuka barabara ndiyo shida yenyewe, na tena nikija kwako unaniambia, "Kaa, kunywa chai kwanza," na mimi nikishakunywa chai yako hasira yote inaisha, narudi nyumbani sijasema kitu. Leo sitaki iishe.

Nakuandikia kuhusu kisigino changu cha kushoto, na kuhusu maneno uliyosema Jumatatu sebuleni kwetu mbele ya watu. Ulisema, na shahidi ni mama, ni shangazi Fidda, na ni wale wageni wa kijiji cha Dair Hamam, upande wa bwana harusi, waliokuja kupanga mambo ya harusi: "Kutaiba mguu wake mbovu. Ijumaa atakaa kitini na wazee, apokee mikono ya wageni. Safu ya ngoma ya dabke ataongoza Dhirar."

Dhirar ni mwanao. Hilo sina neno nalo, kila mtu ana bahati yake. Lakini anayeolewa ni Rudaina, dada yangu, tumbo moja. Baba yetu hayupo duniani. Mwanamume wa nyumba yetu ni mimi. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siku binti anatoka kwao, kaka yake anashika kichwa cha safu: mkono mmoja umemshika mtu wa pili, mkono mwingine unazungusha tasbihi hewani, na wanaume wa kijiji kizima nyuma yake, bega kwa bega, wanapiga mguu chini kwa pamoja mpaka vioo vya madirisha vinalia. Watu wa bwana harusi wanatazama wanajua: binti huyu ana watu. Nimeisubiri siku hiyo tangu Rudaina ananifunga kamba za viatu.

Na sasa naambiwa kiti. Cha plastiki. Cheupe. Nina miaka ishirini na miwili, Mjomba.

Basi nimekaa, nimefikiri kwa utulivu (mama anasema utulivu gani, mlango umevunjika bawaba, ni kweli, lakini niliupiga kwa mguu wa kulia), na nimefika mahali pa haki. Kama kisigino changu hakiruhusiwi kupiga chini Ijumaa, basi kisiruhusiwe cha mtu yeyote. Siyo kwa wivu. Kwa afya ya umma. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili Mheshimiwa usiseme nimeruka ruka.

1. Ugonjwa wenyewe hamuujui, na mmeutolea hukumu.

Mnasema "mguu mbovu" kama mnasema tairi. Ngoja nikueleze. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza, ni kama mtu ameniwekea msumari sakafuni akaenda zake. Hatua ya pili, msumari uleule. Natembea nimeshika ukuta kama mzee wa miaka tisini mpaka chooni. Halafu, na hapa ndipo watu wanasema naigiza, baada ya muda maumivu yanalegea! Natoka, naenda kazini, nacheka na watu. Nikikaa kidogo kula nikiinuka, msumari umerudi. Jioni ndiyo usiseme. Kwa hiyo Dhirar ananiona saa nne asubuhi natembea vizuri anapiga kelele barabara nzima: "Wee Kutaiba, leo mguu umepona? Au unaumwa saa za kazi za mama yako tu, za kubeba mitungi ya gesi?"

Nimekwenda mjini Irbid kwa daktari wa viungo, Daktari Hadil, dada mmoja kijana lakini mkali, hana mchezo. Akanibonyeza kwa kidole gumba pale chini ya kisigino upande wa ndani, nikataja watakatifu na wasio watakatifu. Akasema, "Ndiyo hapo." Nikamwonyesha picha ya eksirei niliyopigwa kabla, ile yenye kamwiba ka mfupa, ile ambayo mama aliizungusha kijiji kizima kama picha ya mchumba. Daktari akaitazama akaitupa pembeni. "Huu mwiba wako wanao watu kibao na hawaumwi chochote. Achana na mwiba." Akanichorea mguu. Kumbe chini ya unyayo kuna ukanda mgumu, umeanzia kisiginoni umekwenda mpaka kwenye vidole, kama uzi wa upinde. Ukiuvuta kila siku bila kuupa nafasi, pale unapoanzia unachoka, unakuwa na vijeraha visivyopona. Usiku ukilala unajikunja. Asubuhi ukisimama unaunyoosha kwa ghafla. Ndiyo ule msumari.

Akauliza, "Kazi yako nini?" Nikamwambia nauza kahawa kwenye kibanda cha barabarani, nasimama kutwa juu ya lami nazungusha sinia hewani ili magari yasimame, likisimama nakimbia na vikombe, nimevaa ndala. Akafumba macho. "Na jioni unapumzika?" Nikamwambia jioni nafanya mazoezi ya dabke. Akautazama ule mguu tena. Kisha akasema, "Yaani mchana unauchosha, jioni unaupiga na nyundo."

2. Zege.

Hapa Mheshimiwa naomba usikasirike, maana najua zege lile unalipenda kuliko baadhi yetu.

Zamani harusi zote zilichezwa kwenye kiwanja cha kupuria ngano. Udongo. Vumbi lilikuwa linapanda mpaka zumari linakohoa, lakini udongo unapokea mguu, unaukubali. Wewe ulipokuwa mukhtari ukasema kijiji kisichokuwa na uwanja wa kisasa ni aibu, ukamwaga zege kiwanja kizima, ukaweka taa, ukaandika jina lako pale kwenye kona kwa kijiti zege likiwa bichi. Pongezi. Siku za kawaida magari yanaegesha, siku za harusi tunacheza. Lakini zege halipokei mguu, Mjomba. Zege linaurudisha. Unapiga chini, nalo linakupiga juu, palepale kisiginoni. Sisi wa Ain Lauza tumekuwa watu wa kwanza ninaowajua wanaopigwa na uwanja wao wenyewe.

3. Viatu.

Kikundi chetu cha dabke ulikinunulia viatu, Mungu akulipe. Vyeusi, vinang'aa, vimechongoka mbele kama penseli. Soli yake nimeikunja kwa vidole viwili, imekunjika kama mkate. Daktari Hadil alipokishika aliuliza kama ni kiatu au bahasha. Kiatu cha mtu mwenye kisigino kama changu, anasema, kisikunjike katikati, kiwe kimenyanyuka kidogo nyuma, na ndani kiwe na kitu laini cha kupokea kisigino. Nilipoleta kile kisoli laini cha ndani nikakiweka, Dhirar alikitoa mbele ya wenzangu wote akakinusa. "Jamani, Kutaiba amevaa godoro!" Tangu hapo wananiita Baba Godoro. Hata mzee wa duka la mikate, mtu mzima mwenye akili zake: "Baba Godoro, leo vipande vingapi?"

4. Mguu wa kushoto.

Lalamiko hili ni la kitaalamu na nimeligundua mwenyewe, na ninaomba likifika mbali jina langu litajwe.

Dabke yetu inakwenda kulia. Tangu babu zetu. Inakwenda kulia, na ikienda kulia mguu unaopiga ni wa kushoto. Kila harusi, kila kuhitimu, kila mtu akitoka jeshini, akirudi hija, akinunua gari: kushoto, kushoto, kushoto. Sasa nikaanza kutazama watu wakitoka msikitini Ijumaa. Mjomba! Kijiji kizima kinachechemea upande mmoja! Baba Sakri anachechemea kushoto, anasema ni baridi. Mwalimu Rizki anachechemea kushoto, anasema ni gauti. Mwenye duka la mikate anachechemea kushoto, anasema alianguka na punda, na punda mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa. Wanatoka mlangoni wote wanainama upande mmoja kama mizeituni iliyopigwa na upepo. Dair Hamam wanajua. Kwa nini unadhani wanatuita "watu wa mguu mmoja na nusu"? Tulidhani ni matusi tu. Kumbe walitutazama vizuri.

Nikapendekeza kwenye mazoezi, kwa adabu: jamani, wimbo mmoja twende kulia, wimbo unaofuata twende kushoto, mguu wa kulia nao ufanye kazi, mzigo ugawanywe. Ungewaona. Mpiga zumari alitoa zumari mdomoni. Dhirar akasema, "Na chai tuinywe kwa pua?" Mzee Baba Sakri, aliyekuja kutazama tu, akainuka akaondoka anasema maneno kuhusu mwisho wa dunia. Akichechemea. Kushoto.

5. Tiba ambazo ukoo umenipa bila kuombwa.

Daktari alinipa mambo mepesi. Kabla ya kushuka kitandani, nikiwa bado nimekaa, nipitishe taulo chini ya vidole nivute kuja kwangu, pole pole, mpaka shavu la mguu linyooke. Nisikanyage vigae peku hata hatua moja. Mchana nisimame natazama ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, ninyooshe. Halafu nisimame ukingoni mwa ngazi na kitambaa kilichoviringwa chini ya vidole, nipande na kushuka taratibu sana. Jioni nizungushe unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa. Na subira. "Ni miezi," alisema, "siyo wiki. Wengi wanapona. Wasiopona ni wale wanaoacha siku wanayosikia nafuu." Nikamuuliza sindano. Akasema hiyo ni habari ya baadaye, kama haya yote yameshindwa, na siyo kitu cha kuchezea. Nikamuuliza nilale kitandani mpaka ipone? Akasema hapana, tembea, fanya kazi zako, ila usiugonge.

Mambo mepesi. Sasa sikiliza yaliyotokea nyumbani.

Siku ya kwanza niliposimama ukutani, Mama Sakri alipita akapiga kelele: "Mama Kutaiba! Njoo uone, mwanao anasukuma nyumba!" Watu wakaja. Mmoja alinisaidia kusukuma.

Chupa iliyogandishwa mama aliiyeyusha akapikia wali, anasema barafu kwenye mguu inaingiza baridi mpaka kizazi na yeye anataka wajukuu. Badala yake alinipaka mafuta ya zeituni ya moto na chumvi, akanifunga kwa jani la kabichi. Nililala nanuka kama chakula cha mgeni. Baba Sakri alisema niumikwe, nikaumikwa, mgongoni, kwa ugonjwa wa kisigino. Na shangazi Fidda, Mungu amhifadhi, alikuja na msumari. Msumari wa kweli, ameupasha kwenye makaa mpaka umekuwa mwekundu. "Nitakugusa mara moja tu nyuma ya kisigino, marehemu baba yako alipona hivi." Nikamwambia shangazi, baba aliumwa jino. Akasema, "Na jino si lilipona?" Mjomba, nataka ujue kwamba mtu mnayesema hawezi dabke aliruka kutoka kwenye godoro mpaka juu ya ukuta wa ua bila kugusa chini.

6. Kiti chenyewe.

Nimekijaribu. Jumanne nilikwenda uwanjani, nikachukua kimoja katika vile ulivyovipanga, nikakaa mahali uliponiwekea, kati ya kiti cha Mwalimu Rizki na kiti cha Baba Sakri. Kutoka pale huoni safu. Unaona migongo. Nikawaza: Rudaina anatoka mlangoni, gauni limeshikwa na mama, zumari linapandisha, anatafuta kwa macho mbele ya safu. Anamwona Dhirar. Halafu anatafuta tena, ananiona mimi chini huko, kati ya gauti na baridi.

Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa.

Kutokana na malalamiko hayo, Mheshimiwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa suluhisho, naleta maombi yafuatayo. Nayapanga kuanzia lililo jepesi.

Naomba kwanza zege livunjwe. Lote siyo lazima, pale tu safu inapopita. Leo ni Jumatano, mafundi wakianza baada ya alasiri, Ijumaa kutakuwa na udongo safi. Jina lako kwenye kona libaki, tutalizungushia kamba.

Ikiwa zege haliwezekani, naomba kila nyumba ya Ain Lauza ilete godoro moja, yatandikwe uwanja mzima, tucheze juu yake. Najua mlio utakuwa mdogo. Wageni wa Dair Hamam tunaweza kuwaambia ni dabke ya heshima, kwa ajili ya wagonjwa.

Ikiwa magodoro ni aibu, basi naomba dabke yote ichezwe tumekaa. Viti vya plastiki tunavyo, umeshavipanga. Tunashikana mikono palepale vitini, tunapiga mapaja kwa viganja. Zumari lipige kama kawaida. Dhirar aongoze, sina kinyongo: kiti chake kiwekwe mbele, na tasbihi apewe.

Ikiwa na hilo mnalikataa, naomba kama mukhtari utoe amri kwamba yeyote anayechechemea kushoto asipige mguu chini mpaka apimwe kisigino na Daktari Hadil. Hapo safu itabaki na Dhirar na yule Mmisri anayetunza kuku. Watashikana mikono wao wawili. Dair Hamam watawapenda sana.

Na ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana, basi Mheshimiwa, nakuomba kwa heshima zote na kwa mapenzi niliyo nayo kwa dada yangu, uahirishe harusi. Daktari amesema miezi, hakusema mingapi, kwa hiyo tuseme mpaka mizeituni ya mwaka kesho. Rudaina ni mvumilivu. Bwana harusi, Sufyan, nimemtazama, ni mtu ambaye hata umri ukienda hatabadilika sana. Kondoo watafurahi. Nyama haiozi ikiwa bado inatembea.

Haya yote sijamwambia Rudaina. Nilimwonjesha tu. Nilimwuliza, hivi wewe ungejisikiaje harusi ikisogezwa kidogo? Akanitazama, ana hina mpaka kwenye viwiko, hawezi hata kujikuna pua, akasema: "Kutaiba, ukiniharibia Ijumaa yangu nakuchoma mimi mwenyewe kwa ule msumari." Nimelichukua kama jibu la mtu mwenye haraka.

Najua utasema kijana ana kiburi. Sina kiburi, Mjomba. Siku uliposema maneno yale mbele ya Dair Hamam, baba yake Sufyan aligeuka akanitazama mguu. Siyo uso. Mguu. Halafu akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayetazama mbuzi kabla ya kuamua kutomnunua. Ningeweza kuvumilia msumari wa kila asubuhi mpaka nizeeke. Huruma ile siiwezi.

Nangoja uamuzi wako kabla ya Alhamisi alasiri, maana magodoro yanahitaji kuanikwa.

Wako mtiifu, ambaye ungeniambia niruke kutoka mnarani ningeruka, ingawa Daktari Hadil amekataza kuruka,

Kutaiba, mwana wa dada yako.

Nisalimie mkeo, mwambie ule mtindi mkavu wa kupikia nyama ya mansaf aliotuletea, mama kausifu sana na hasifu kitu ovyo. Nisalimie wasichana wote nyumbani. Nisalimie Mwalimu Rizki akija kucheza karata, mwambie dagaa na nyama nyekundu apunguze kama kweli ni gauti. Nisalimie mpiga zumari, namwombea pumzi. Nisalimie na yule Mmisri wa kuku. Dhirar pia msalimie, ukimkuta ana nafasi.

Nyongeza:

Mjomba, Alhamisi hii nilikuwa naikunja barua hii niilete, ukaingia mwenyewe. Unayajua yaliyotokea kwa sababu ulikuwepo, lakini nayaandika ili usije kuyakana.

Ulikataa chai. Mtu aliyekataa chai kwetu mara ya mwisho alikuwa amekuja na habari ya msiba, mama akaanza kujifunika uso. Ukasema, "Hakuna aliyekufa. Rudaina amekuja kwangu asubuhi, amesimama mlangoni na hina yake, anasema kesho haitoki nje ile miguu yake kama ndugu yake amekaa kitini. Nikamwambia binti yangu, ndugu yako anaumwa. Akasema, 'Na wewe je?'"

Halafu ukamwambia mama atoke. Mama akatoka akasimama nyuma ya pazia, tulimwona miguu. Ukavua kiatu cha kushoto. Ndani kina kisoli laini, kinene kuliko changu. Ukaninyooshea mguu juu ya meza ya mama ya kuwekea sukari ukaniambia, "Bonyeza." Nikabonyeza pale Daktari Hadil aliponibonyeza mimi. Mukhtari wa Ain Lauza akamwita mama yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu wewe uko darasa la pili."

"Lakini Mjomba, umeongoza harusi zote! Ya Mwalimu, ya wanao, ya watu wa Amman, zote!"

Ndipo ukainuka, ukavaa kiatu chako, ukachukua tasbihi, ukanionyesha pale sebuleni. Nimeishi miaka yangu yote ishirini na miwili nikikutazama na sijawahi kuona. Hupigi! Safu nzima nyuma yako inapiga, wewe unateleza. Mguu unashuka kwa vidole, unakaa kama mkono wa mama juu ya mtoto aliyelala, na kisigino hakifiki chini kabisa. Wakati huohuo tasbihi iko juu inazunguka, bega linapanda, kichwa kinageuka, na kila mtu anatazama huko. Watu wanasema hakuna anayeongoza kwa madaha kama Mifleh. Madaha! Ni kisigino!

"Anayeongoza nani alimwambia apige?" ukasema. "Unao wanaume arobaini nyuma wa kukupigia. Dhirar hajui hilo, lakini ana kisigino kizima, ndiyo maana nilimweka yeye, apige mpaka avunjike. Wewe nilidhani unajua kupiga tu, na kisigino hicho hakiwezi. Njoo, shika tasbihi."

Tulifanya mazoezi mpaka pazia likaanza kupiga makofi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, malalamiko yote ya hapo juu nayafuta, kuanzia namba moja mpaka namba sita, pamoja na maombi yote. Harusi isiahirishwe, tafadhali sana. Magodoro yabaki ndani. Kuhusu zege nilikosea: nimekwenda kulisikiliza, nimemwambia mlinzi apige mguu mara moja tu, na mlio wake umefika mpaka bondeni. Udongo hauwezi kutoa mlio ule. Naomba wanaume wote wa kijiji wapige kwa nguvu zao zote, wanaochechemea wawe wa kwanza, na wapige kushoto kama babu zetu.

Naleta barua hii kwa ombi moja tu lililobaki. Mwambie Dhirar wewe, mimi nikimwambia tutashikana mashati na kesho nataka shati safi. Mpe nafasi ya pili, mkono wake ndani ya mkono wangu, apige mpaka achoke.

Na baba yake Sufyan mtafutie kiti cha mbele kabisa, karibu, mahali ambapo ataniona mkono.